Je, Wajua? Unyayo wa Kuku Huugua Kabla Hajachechemea

Je, wajua kwamba usaha wa kuku hautiririki? Binadamu akiota jipu, chembe za damu zinazopigana na vimelea hutoa vimeng'enya vya kuyeyusha uchafu, jipu likaiva, likatumbuka, likaisha. Chembe za kuku zinazofanya kazi hiyo zina upungufu wa vimeng'enya hivyo. Unyayo wake ukiota jipu, usaha hukauka ukawa kiini kigumu cha manjano, kimejichimbia chini ya gamba jeusi katikati ya unyayo. Kuliminya jipu hilo ni kumtesa kuku bure: hakitoki kitu, na vimelea husukumwa ndani zaidi, kwenye kano na mifupa.

Mara nyingi mhusika ni bakteria aina ya stafilokoka, ambaye Alexander Ogston, daktari mpasuaji wa Aberdeen, Scotland, alimtambua kwenye usaha wa wagonjwa mwaka 1880. Bakteria huyo haji kutoka mbali. Anaishi kwenye ngozi ya kuku mzima, na kwenye ngozi zetu pia, akingoja upenyo: mwiba, ncha ya waya, kibanzi cha mbao. Kwa hiyo vaa glavu unapomtibu kuku, na nawa kwa sabuni ukimaliza.

Je, wajua kwamba kuchechemea ni dalili ya mwisho mwisho? Kuku huficha maumivu, kwa sababu anayeonekana mnyonge hudonolewa na wenzake. Anayengoja achechemee ndipo amwangalie amechelewa. Mshike usiku akiwa kwenye ubao wa kulalia, mfunike kichwa kwa kanga (gizani hutulia), kisha mgeuze unyayo uutazame. Wekundu na ngozi inayong'aa ndio mwanzo wa ugonjwa. Kidoa cheusi huja baadaye. Katika hatua hizo mbili mfugaji ana nafasi nzuri ya kumponya nyumbani bila kisu.

Je, wajua kwamba chumvi ya haluli, hiyo hiyo inayouzwa duka la dawa kwa kulainisha choo, hutumika pia kuloweka miguu ya kuku? Kazi yake kubwa hapa ni kulainisha gamba. Bakteria tutamshughulikia kwa dawa nyingine. Vijiko viwili vya chakula kwa lita moja ya maji ya vuguvugu vinatosha. Msimamishe humo dakika 15 hivi, ukimzuia asiyanywe maji hayo, maana ataharisha. Mkaushe vizuri, hata katikati ya vidole. Kisha safisha unyayo kwa iodini iliyozimuliwa mpaka ifanane na chai ya rangi nyepesi. Gamba likiinuka lenyewe, liondoe taratibu, na pengine kiini kitatoka nalo. Liking'ang'ania, liache, uloweke tena kesho. Ukiona damu, umevuka mpaka, simama hapo.

Baada ya hapo paka asali safi au marhamu ya vidonda isiyo na dawa ya ganzi, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo zinaweza kumdhuru ndege. Weka kipande cha gozi, zungushia bandeji ukiipitisha kati ya vidole, na baada ya saa moja rudi uvitazame vidole hivyo: vikiwa vimevimba au vya baridi, umekaza mno. Badilisha kila siku au kila baada ya siku mbili, na mara moja ikilowa. Kazi hii huchukua wiki kadhaa. Wengi hukata tamaa mapema, na hapo ndipo jipu hurudi.

Haidrojeni peroksaidi, ile dawa inayotoa povu, isitumike kila siku. Hudhuru nyama changa inayojaribu kuota.

Wembe je? Kumpasua kuku nyumbani bila ganzi ni ukatili, nasema wazi. Uvimbe ukipanda mguuni, ukipita kati ya vidole, au kuku akiacha kula, mwite daktari wa mifugo. Maambukizi hayo yanaweza kufika kwenye mfupa, na kupitia damu yakafika hata kwenye vali za moyo.

Je, wajua kwamba antibiotiki unayompa kuku huweza kuingia kwenye yai? Kila dawa ina muda wake wa kusubiri kabla mayai hayajaliwa, na baadhi hazifai kabisa kwa kuku wanaotaga. Uliza kabla ya kununua.

Magamba ya mguu yaliyoinuka na kukakamaa, huku unyayo ukiwa salama, ni ugonjwa mwingine: utitiri wadogo wamechimba chini ya magamba. Watu hupaka mafuta ya taa au oili chafu ya gari. Tafadhali waache, huunguza ngozi. Mafuta ya kupikia au ya mgando, yakipakwa mara kwa mara, huwaziba utitiri pumzi.

Je, wajua kwamba pumba za mahindi meupe karibu hazina kabisa kile ambacho mwili wa kuku hugeuza kuwa vitamini A? Mahindi ya njano yanacho. Vitamini hiyo ikipungua, ngozi ya unyayo hudhoofika na kupasuka kirahisi. Mchicha, matembele na karoti husaidia sana kwa kuku anayefungiwa ndani.

Kuku wazito, kama Kuchi, Sasso na Kuroiler, wako hatarini zaidi, hasa wakirukia sakafu ngumu kutoka juu. Shusha ubao wa kulalia uwe chini ya magoti yako, uulainishe kingo. Maranda yaliyolowa yatolewe siku hiyo hiyo, kwani unyevu na kinyesi hulainisha ngozi ya unyayo na kuichoma.

Tatizo hili wafugaji wa kozi huko Ghuba nao wanalijua vizuri. Hospitali ya kozi ya Abu Dhabi, iliyofunguliwa mwaka 1999, hutibu nyayo za aina hii, na siku hizi mbao za kutulia kozi mara nyingi hufunikwa nyasi bandia ili uzito wa ndege usikandamize sehemu moja tu ya unyayo.