Daftari la Wanachama na Sheria ya Taarifa Binafsi

Zamani daftari la wanachama lilifungiwa kabatini, na ufunguo ukawa kwa katibu. Siku hizi majina, namba za vitambulisho, akaunti za benki na madeni ya wakulima yamo katika kompyuta na simu, na nakala yake yaweza kufika mbali kwa dakika moja.

Haki ya faragha imo katika Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania. Sheria mahsusi, yaani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya ilikwisha kutunga yake mwaka 2019.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, anayekusanya taarifa za watu sharti asajiliwe na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mwanachama sharti aelezwe sababu ya kuulizwa. Anayo haki ya kuona yaliyoandikwa juu yake na kudai makosa yasahihishwe. Azitoaye taarifa hizo kinyume cha sheria aweza kutozwa faini au kufungwa.

Hivyo basi, kumpa mfanyabiashara wa pembejeo orodha ya wakulima na madeni yao bila idhini yao si msaada, hata kama nia ni njema. Yafaa kila chama kiulize yale tu yanayohitajika, na neno la siri la kompyuta lijulikane kwa wahusika peke yao. Mkulima akiuliza ni nani aliyepewa namba yake, katibu awe na jibu.