TEKNOLOJIA: Kiini cha amri kukataa kufutika katika tovuti

KITUFE cha kulipia bidhaa kwenye tovuti huwa na amri inayosubiri kibonyezwe. Programu za kunasa hitilafu huifunika amri hiyo kwa nyingine, ili kasoro ikitokea iripotiwe.

Tatizo huzuka wakati wa kuiondoa. Kivinjari hufuta tu amri ile ile iliyosajiliwa. Kikitajiwa ya asili ilhali kilichosajiliwa ni kifuniko, hakifuti chochote wala hakilalamiki. Tovuti ikisajili amri mpya, ya zamani ingali hai, hivyo mteja akibonyeza mara moja huenda akatozwa mara mbili.

Dawa ni programu hiyo kuweka kumbukumbu ya kila amri na kifuniko chake. Wakati wa kufuta, iondoe kifuniko, kisha amri asili pia, kwani huenda ilisajiliwa kabla ya programu kuanza kazi.