Vifaranga vya samaki: hasara huanzia kwenye ndoo

MFUGAJI wa Ngerengere anayetaka kujaza bwawa anaweza kufuata vifaranga vya perege kwenye kituo cha serikali cha Kingolwira, mkoani Morogoro. Hulipa, hupewa mzigo wake na kuondoka. Faida ya miezi sita ijayo hutegemea sana saa chache zinazofuata.

Mwili wa samaki umefunikwa na ute unaomkinga dhidi ya magonjwa. Mkono mkavu, wavu wa nyuzi ngumu au ndoo iliyojazwa kupita kiasi huuondoa ute huo, pamoja na magamba. Kifaranga aliyeumia hafi papo hapo. Huogelea vizuri mbele ya mnunuzi, na baada ya siku mbili tatu vidonda vyake huota ukungu mweupe kama pamba. Wanaokufa wengi huzama au huliwa na ndege, hivyo mwenye bwawa haoni kitu.

Hapo ndipo fedha inapopotea. Tuchukue bwawa la mita za mraba 300 lililopandwa samaki wawili kwa kila mita, yaani vifaranga 600. Wakifa 200 bila mfugaji kujua, ataendelea kununua chakula cha samaki 600. Katika kila kilo tatu anazomwaga, moja ni ya marehemu. Tena chakula hicho huoza na kula oksijeni ya waliobaki.

Kinga yake haina gharama kubwa. Vifaranga wasilishwe siku moja kabla ya safari, maana kinyesi huchafua maji ya mfuko. Mfuko uwe na maji theluthi moja na oksijeni theluthi mbili, na safari iwe alfajiri. Ukifika, usimwage! Uelee bwawani dakika 15 hadi 30, kisha ongeza maji ya bwawa kidogo kidogo. Kwa anayepeleka vifaranga milimani, kama Mgeta, ambako maji ni ya baridi, hatua hii isirukwe kabisa.

Mwenye mashaka atenge vifaranga 50 ndani ya kizimba cha chandarua bwawani, awahesabu baada ya siku tatu. Wakibaki 40, bwawa la vifaranga 600 lilishwe kwa hesabu ya 480.