Uzi juu ya tufe: Nairobi hadi New York bila kutua

Tarehe 28 Oktoba 2018, Kenya Airways ilianza safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York. Kwa ratiba ya wakati ule, ndege iliondoka saa 5:25 usiku na kutua saa 12:25 asubuhi. Ukitazama saa za ukutani utadhani ni safari ya saa saba. Mgongo wa abiria unajua vingine: wakati wa baridi kule Marekani, New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa nane, kwa hiyo amekaa kitini saa kumi na tano.

Kati ya miji hii kuna kilomita 11,800 hivi. Je, zinapimwaje? Chukua ramani ya ukutani na rula, uchore mstari. Utapita Nigeria na Mali, utokee baharini Mauritania. Sasa chukua tufe la darasani, uweke ncha moja ya uzi Nairobi na nyingine New York, kisha uukaze. Uzi utapanda kaskazini zaidi: Sudan Kusini, Chad, Sahara, pwani ya Morocco, ndipo uingie Atlantiki. Kwenye ramani bapa njia hii inaonekana imepinda, lakini ndiyo fupi, kwa zaidi ya kilomita 300. Dunia ni mviringo. Ramani ndiyo iliyonyooshwa kwa nguvu.

Kurudi Nairobi huchukua muda mfupi zaidi, kama saa kumi na nne na nusu. Wengi hudhani sababu ni Dunia kuzunguka chini ya ndege. Sivyo. Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na hewa yake huzunguka pamoja nayo. Ingekuwa inaiacha hewa nyuma, anayekwenda magharibi ndiye angewahi kufika.

Siri iko kwenye upepo. Joto la tropiki na baridi ya ncha ya kaskazini vinapokutana, na Dunia ikizunguka, huzaliwa mito ya upepo inayokwenda mashariki, kilomita tisa hadi kumi na mbili juu ya ardhi. Kasi yake huweza kupita kilomita 200 kwa saa. Wakati wa baridi, tofauti ya joto inapokuwa kubwa, mito hiyo huwa mikali zaidi. Ndege ya kwenda New York hupambana nayo juu ya Atlantiki; ya kurudi husukumwa nayo. Ndiyo maana waongozaji wa safari husoma upepo kila siku, na mara nyingine huiacha njia ya uzi ili kuukwepa upepo au kuudandia.

Hata ile saa 5:25 usiku ina faida yake. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi. Jua la mchana huifanya nyepesi zaidi: mabawa yakakosa cha kuegemea, injini zikapungukiwa nguvu. Usiku Nairobi hupoa, hewa ikashikamana, na ndege iliyojaza mafuta ya kuvuka bara na bahari hupata cha kuegemea inapoinuka.