DIZELI AU MSETO: GARI LIPI LINA KESHO?

Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii sote tuliikariri tangu shule ya msingi, lakini mimi niliielewa sawasawa hapa Ifo, siku wazee wa nyumbani walipokaa chini ya mti kujadili habari ya gari.

Adeer yangu ni dereva. Kwa miaka mingi amebeba abiria kati ya Ifo, mji wa Dadaab na Hagadera. Gari lake la kwanza lilikuwa Toyota Surf kuukuu ya dizeli. Mama mjamzito akishikwa na uchungu usiku wa manane, mlango uliogongwa ulikuwa wake. Surf ilipochoka kabisa, akanunua gari dogo la dizeli la kisasa, lililokuwa limetumika ng'ambo. Halikumaliza mwaka. Lilitiwa mafuta machafu kutoka kwenye pipa, nozeli zikafa, na bei ya spea ikamshinda. Likabaki pale uani, watoto wanachezea usukani.

Basi jamaa wakachanga pesa za gari lingine. Swali likawa: anunue gani? Binamu yangu aliyetoka Nairobi akasema, "Nunua haibridi. Hiyo hainywi mafuta, inaramba tu!" Mzee mmoja akacheka sana. "Haibridi ni gari ya lami. Huku ni mchanga. Gari ni dizeli, kwisha maneno." Kisha Adeer akanigeukia mimi: "Adeer, wewe ndiye unasoma. Hebu tuambie."

Nilinyamaza kimya. Ukweli ni kwamba sikujua lolote. Kesho yake nikaanza kuuliza: kwa mwalimu wetu wa Fizikia, kwa mafundi wa sokoni, na katika vitabu. Haya niliyoyapata nawaletea ninyi, ndugu wasomaji, kwani najua si nyumbani kwetu tu swali hili linaulizwa.

DIZELI INAFANYAJE KAZI?

Injini ya petroli huwasha mafuta yake kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Hewa inakandamizwa ndani ya silinda mpaka inabaki sehemu moja tu kati ya kumi na tano au zaidi ya nafasi iliyokuwa nayo. Ukijaza upepo gurudumu la mkokoteni wa punda, umeona vile pampu inavyopata moto? Ndiyo hivyo hivyo. Ndani ya injini joto hupita nyuzi 500, nozeli inanyunyiza dizeli, nayo inawaka yenyewe. Jambo hili lilibuniwa na Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifanya kazi vizuri mwaka 1897.

Faida yake ni mbili. Kwanza, inatumia mafuta kidogo kuliko petroli kwa kazi ile ile. Pili, ina nguvu kubwa ya kuvuta hata injini inapozunguka polepole. Kwenye mchanga, gari likiwa limejaa watu na mizigo, hiyo ndiyo nguvu inayotakiwa. Ndiyo maana Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984, zimekuwa kama ngamia wa eneo hili.

NA GARI LA MSETO?

Mseto tunaujua sote: wali na pojo katika sufuria moja. Gari la mseto, ambalo mafundi huliita haibridi, nalo lina vitu viwili pamoja: injini ndogo, kwa kawaida ya petroli, na mota ya umeme yenye betri yake. Kuondoka, gari linasukumwa na umeme. Mwendo ukizidi, injini inaingia kusaidia. Siri kubwa iko kwenye breki. Gari la kawaida ukilipiga breki, nguvu yote inapotea kuwa joto. Katika gari la mseto, mota inageuka dainamo, inapunguza mwendo na papo hapo inajaza betri.

Hapo nikaelewa kwa nini binamu yangu anasifu haibridi. Nairobi ni foleni na breki kila baada ya hatua mbili, na kila breki ni umeme. Lakini mtu anayesafiri mwendo mmoja bila kusimama hapati faida hiyo kwa wingi.

Wengi waliniuliza, "Sasa hiyo utaichaji wapi, na stima yenyewe hapa ni ya jenereta?" Jamani, tusikosee. Haibridi ya kawaida haichomekwi popote. Inajichaji yenyewe njiani. Iko aina nyingine inayochomekwa kwenye stima, lakini hiyo ni habari tofauti.

MWAKA WA MAPACHA

Mwaka 1997 ulizaa mapacha wasiofanana. Huko Japani, Toyota ilianza kuuza Prius, gari la kwanza la mseto kutengenezwa kwa wingi. Huko Italia, mwaka huo huo, Alfa Romeo 156 ilitoka na dizeli ya namna mpya, ambayo mafuta yake husukumwa kwa presha kubwa mno na kupimwa kwa kompyuta. Mwanzoni aliyeonekana kushinda ni dizeli. Kufikia mwaka 2011, zaidi ya nusu ya magari madogo mapya yaliyouzwa Ulaya Magharibi yalikuwa ya dizeli.

Kisha mambo yakageuka. Juni 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba moshi wa dizeli unasababisha saratani. Septemba 2015 Marekani ilifichua kwamba Volkswagen ilitia katika magari yake programu ya kudanganya vipimo vya moshi. Magari yapatayo milioni 11 duniani yalihusika. Serikali zikakaza sheria, na kuisafisha dizeli kukawa ghali: chujio la masizi, dawa ya kuoshea moshi, na mitambo mingine. Mwaka 2024, katika nchi za Umoja wa Ulaya, dizeli ilikuwa kama magari 12 tu katika kila magari mapya 100. Mseto usiochomekwa ulikuwa kama 31.

Japani, ambako magari mengi yaliyotumika yanayoingia Kenya hutoka, iliachana na dizeli katika magari madogo mapema zaidi. Jiji la Tokyo lilianza kuzuia dizeli chafu mwaka 2003. Kweli, Mazda ilirudisha dizeli katika CX-5 mwaka 2012, lakini haibridi ndizo zilizoenea: Prius, Aqua, Fit. Na kwa kuwa sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane, tunachopata sisi ni kile walichonunua wao juzi.

HUKU KWETU IFO JE?

Hapa ndipo niliposhangaa. Ile dizeli tunayoisifu, inayokubali mafuta yoyote na kutengenezwa kwa nyundo na spana, ni dizeli ya zamani. Dizeli ndogo ya kisasa si hiyo. Nozeli zake zina matundu membamba mno, na maji kidogo au uchafu wa pipa unaziua. Ile iliyomfilisi Adeer ilikuwa dizeli kwa jina, lakini kwa tabia ilikuwa mgeni kama haibridi. Kwa hiyo wazee walikuwa wakilinganisha haibridi ya leo na dizeli ya jana.

Haibridi nayo ina taabu zake hapa. Betri yake kubwa haipendi joto. Katika Prius hupozwa na feni inayovuta hewa kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Vumbi letu likiziba tundu hilo, au abiria akiliziba kwa gunia, betri inachemka na kufa kabla ya wakati wake, na bei yake si ya mchezo. Tena magari mengi ya mseto yako chini chini na yanasukumwa na magurudumu mawili. Mvua za mwisho wa mwaka 2023 sote tuliona njia zikigeuka mito. Gari la namna hiyo lingefika wapi? Lakini fikirini: tatizo hilo ni la umbo la gari, si la mseto. Saluni ya petroli nayo ingekwama pale pale.

La hatari kuliko yote ni nyaya za rangi ya chungwa. Hizo zina umeme wa volti 200 au zaidi, unaoweza kuua. Fundi asiyejua asizishike kabisa.

NILICHOMWAMBIA ADEER

Baada ya wiki mbili nilirudi kwa wazee chini ya ule mti. Nilisema hivi. Malori, mabasi na jenereta yataendelea na dizeli kwa miaka mingi bado. Gari kubwa la dizeli la mtindo wa zamani, likipatikana zima, ndilo la kununua leo kwa mchanga huu. Gari dogo la dizeli la kisasa asirudie tena. Na haibridi asiikimbie, ila asiinunue kabla hapajawa na mtu hapa Ifo anayejua kuitengeneza.

Mzee aliyecheka akauliza, "Kwa hiyo mbachao ndio bora?" Nikamjibu kwa adabu kwamba mbachao ni mzuri, lakini waliokuwa wakiususuka wameacha kazi hiyo. Ukichakaa huu, hakuna mwingine. Hata Toyota, tangu 2024, katika baadhi ya nchi inauza Hilux ya dizeli yenye betri ya kuisaidia. Msala haupiti tena, unakuja kukaa.

Adeer alinunua Land Cruiser kuukuu, na zile pesa kidogo zilizobaki hakuzila. Amemlipia mtoto wake, ambaye alikuwa akishinda bure sokoni, ajifunze ufundi wa umeme wa magari. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Adeer, siku hiyo gari itakuja na sisi tutakuwa tayari. Mara ya kwanza ilitukuta tumelala."

Wanachama wenzangu, tunaohitimu hapa wengi tunatamani kazi za ofisini. Lakini fundi wa kwanza wa haibridi katika Ifo hatakosa wateja. Huenda yuko darasani mwetu sasa hivi, anasinzia katika somo la Fizikia. Mwamsheni!