TOVUTI YA SHANGAZI: TUIKARABATI AU TUIZIKE?

Katibu wa Chama aliponiambia niandike makala kuhusu teknolojia nilikuna kichwa. Wengi huandika juu ya madhara ya simu kwa vijana, na hayo tumehubiriwa gwarideni hadi tumeyakariri. Basi mimi nitakueleza kinaganaga jambo lililozua ubishi nyumbani kwetu mwanzoni mwa mwaka huu: tovuti kuukuu ya biashara ifanyiwe nini?

Kama wajuavyo wenzangu, mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Jioni na Jumamosi huwa ninamsaidia shangazi katika duka lake la sare za shule hapa Machakos. Jumamosi moja mwezi wa Januari, wakati wa pilkapilka za kufungua shule, aliingia mama mmoja aliyetoka Wote alfajiri. Alitaka sweta mbili. Nilipomtajia bei, shilingi 1,200 kila moja, alinitazama kana kwamba nimemtukana. Akatoa simu akanionyesha. Ni kweli, tovuti yetu ilisema sweta ni shilingi 450. Shangazi akasogea na kumwambia kwa upole, "Mama, hiyo ni bei ya zamani."

"Basi mbona mmeiandika?"

Sote tukanyamaza jii. Yule mama alikuwa amehesabu pesa zake hadi nauli ya kurudi. Mwishowe shangazi alimpa sweta zote mbili, nusu akaandika deni, lakini siku nzima hakuwa na raha.

Jioni hiyo nilifungua ile tovuti na kuisoma yote kwa mara ya kwanza. Lo! Baba mdogo ndiye aliyeigharamia mwaka wa 2009, ule mwaka nyaya za intaneti za chini ya bahari zilipofika Mombasa na kila mwenye duka akataka naye aonekane duniani. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na sindano iliyokuwa ikitembea na kushona jina la duka. Sindano hiyo ilitengenezwa kwa programu ya Flash. Kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 ikaizuia isifanye kazi. Kwa hivyo pale palipokuwa na sindano pamebaki doa la kijivu. Nambari ya simu ilikuwa ya ile simu ya waya iliyokatwa zamani. Orodha ya sare ilitaja Darasa la Saba na la Nane, ilhali shule za sekondari msingi zilianza 2023 na mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka huo huo. Juu ya hayo, kivinjari cha Chrome, ambacho tangu Julai 2018 huziandikia tovuti zisizo na kufuli ya usalama kwamba si salama, kilikuwa kikimwonya kila mteja wetu mlangoni.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Baba mdogo alitaka tovuti ijengwe upya, tena kwa mbwembwe. Alikwisha kuongea na fundi, naye akaomba shilingi 70,000. Shangazi aliposikia hivyo alicheka kicheko kikavu. Kwa pesa hizo, alisema, angenunua cherehani ya umeme na chenji ibaki. Yeye alitaka izimwe mara moja. "Wateja wangu wako WhatsApp. Hiyo kitu ni ya nini?"

Kwa kuwa ninasoma somo la Kompyuta, wote wawili waliniangalia mimi. Nami kwa kuwa sikujua, nilimwendea mwalimu wetu. Hakuniambia lolote kuhusu rangi wala picha. Aliniuliza maswali mawili: tovuti hiyo inafanya kazi gani, na ikijengwa upya nani atakayeitunza?

Swali la kwanza nililijibu kwa daftari. Kwa wiki tatu kila mteja aliyenunua tulimwuliza alitujuaje, name nikaandika. Walikuwa wateja 112. Waliopita njia au kuishi karibu walikuwa 61, walioelekezwa na shule au rafiki 44, na waliotoka kwenye tovuti 7 peke yake. Shangazi alinyanyua mikono kama mtu aliyefunga bao.

Lakini nilikuwa nimeandika pia kiasi cha pesa kando ya kila jina. Nilipojumlisha, wale watu saba walikuwa wameleta karibu thuluthi moja ya mauzo yote! Wawili kati yao walitumwa na shule, mmoja akaagiza sweta 80 kwa mkupuo, mwingine suti za michezo. Nilimpigia simu yule karani aliyeagiza sweta nikamwuliza kwa nini alitumia tovuti. Alisema alikuwa akitafuta duka lenye anwani ya barua pepe ya jina lake lenyewe, ili apate kuiandika katika karatasi za manunuzi. Alituandikia barua pepe kwa sababu simu haikushikwa. Kumbe! Kati ya wote saba hakuna aliyetaja picha ya baba mdogo akiwa na tai.

Sasa naomba uniwie radhi nieleze jambo moja ambalo wengi hulichanganya, nami nililichanganya. Tunaposema tovuti tunataja vitu vitatu pamoja. Kuna jina, ambalo huitwa kikoa, kama lile linaloishia kwa .co.ke. Kuna kiwanja, yaani nafasi tunayokodi katika tarakilishi ya mtu mwingine iwakayo usiku na mchana. Halafu kuna kurasa zenyewe, ambazo ni kama nyumba iliyojengwa juu ya kiwanja hicho. Nyumba unaweza kuibomoa leo. Kiwanja unaweza kukihama. Jina je?

Majina yote ya .ke husimamiwa na KENIC, nasi huyapata kupitia kwa mawakala na kuyalipia kila mwaka. Usipolipa, baada ya muda jina hurudi sokoni na yeyote anaweza kulichukua. Hapo ndipo penye hatari. Barua pepe ya duka inatumia jina hilo hilo. Atakayelichukua anaweza kupokea barua zinazotumwa kwetu na shule na wenye viwanda vya vitambaa. Na ukisahau nywila ya akaunti, hutumiwa njia ya kuibadilisha wapi? Si kwa barua pepe hiyo hiyo? Mtu mwovu angeweza kuagiza mzigo kwa jina la shangazi, au kuwatumia wateja nambari yake walipie huko. Kwa hivyo "kuizima tu" kama shangazi alivyotaka, kumbe ni kumwachia mpita njia ufunguo wa duka.

Nilipokwenda kuangalia jina letu limeandikishwa kwa nani, moyo ulinipasuka. Lilikuwa kwa jina la fundi aliyeitengeneza mwaka wa 2009! Ilani za malipo zilikuwa zikienda kwa barua pepe yake, na muda ungeisha mwezi wa Machi. Shangazi aliposikia hakucheka tena. Tulimtafuta yule fundi kwa simu za watu wanne. Alikuwa ameacha kazi hiyo, siku hizi anafuga kuku, wala hakuwa na nia mbaya, alikuwa amesahau tu. Ilituchukua siku 11, pamoja na cheti cha kuandikisha biashara na barua yenye sahihi yake, hadi wakala akalihamisha jina likawa la shangazi. Msomaji, ikiwa kwenu kuna biashara yenye tovuti, uliza leo jina limeandikwa kwa nani.

Tukarudi kwenye ubishi. Baba mdogo alishikilia kwamba tovuti ya kizamani inatia aibu. Nilimwonyesha tovuti ya Berkshire Hathaway, kampuni ya Marekani ambayo Warren Buffett aliiongoza kwa miaka mingi. Ni kampuni tajiri kupindukia, lakini ukurasa wake wa kwanza ni maandishi matupu, kama orodha iliyopigwa taipu. Sura ya kizamani si ugonjwa. Ugonjwa wetu ulikuwa uongo: bei ya uongo, simu ya uongo, madarasa ambayo hayapo.

Hapo ndipo swali la pili la mwalimu lilipotufaa. Nani ataitunza? Tovuti ni kama ule ubao wa bei pale mbele ya duka, unahitaji mtu mwenye chaki kila asubuhi. Shangazi hana nafasi. Baba mdogo yuko safarini. Mimi mwaka ujao nina KCSE. Tovuti mpya ya 70,000 isiyo na mwenye chaki ingekuwa nzuri kwa mwaka mmoja, halafu mama mwingine wa Wote angekuja na bei ya zamani kwenye picha safi zaidi. Lau shangazi angekuwa anauza sare kwa njia ya mtandao na kuzituma kwa basi, na ameajiri kijana wa kazi hiyo, mimi ningemuunga mkono baba mdogo bila kusita.

Mwishowe hatukufuata neno la yeyote mzima mzima. Zile kurasa zote 14 tulizistaafisha, jina na barua pepe tukabaki navyo. Mahali pake tuliweka ukurasa mmoja tu, niliouandika mwenyewe huku mwalimu akinisahihisha. Una nambari ya simu, maelezo ya kufika dukani kutoka stendi, jedwali la vipimo vya watoto kwa sentimita, na sentensi moja: bei tupigie. Hakuna kitu hapo kitakachooza upesi. Ile kufuli ya usalama tuliipata bure. Anwani za kurasa za zamani tuliziagiza zimpeleke mtu kwenye ukurasa mpya, ili aliyezihifadhi katika simu asikute mlango umefungwa. Gharama yote, jina na kiwanja, haifiki shilingi 6,000 kwa mwaka, nazo hulipwa na shangazi mwenyewe kwa jina lake mwenyewe.

Muhula wa pili ulipofunguliwa yule mama wa Wote alipiga simu kabla ya kuja. Alilipa deni lake akanunua kaptura mbili.

Kurasa za zamani nilimhifadhia baba mdogo katika diski ndogo, na picha yake imo. Mwezi uliopita aliniita kando akaniuliza, kwa sauti ya chini shangazi asisikie, kama ile sindano inaweza kurudishwa. Nimemwambia nitajaribu likizoni.