Kuunga Vitu vya Zamani vya Seluloidi

Walowezi wengi wa Kizungu waliokuwa Trans Nzoia waliondoka katika miaka ya 1960, na baadhi ya vyombo vyao vidogo vidogo vikabaki mikononi mwa watu: vitana, mipini ya visu, fremu za miwani, wanasesere. Si ajabu, basi, kukuta kimoja katika sanduku la nyumba ya Matisi, karibu na Kitale. Kwa sura huonekana kama pembe ya ndovu. Kumbe ni seluloidi.

Zamani pembe za Afrika Mashariki zilipitia Unguja mpaka Connecticut, Marekani, zikachongwa vitana na vibao vya piano. Kwa kuwa pembe ilikuwa ghali, watu walitafuta badala yake. Mwaka 1870 John Wesley Hyatt na nduguye Isaiah walipata hataza ya seluloidi, ambayo ni pamba iliyotiwa asidi ya nitriki, kisha ikachanganywa na kafuri, ile watu wa pwani waiitayo karafuu maiti. Pamba ya namna hiyo ni ndugu wa baruti, na ndiyo sababu kitana kidogo huweza kushika moto kwa ghafula na kumchoma aliyekishika.

Kwa hiyo mtu asijaribu kukitambua kwa kiberiti wala kwa sindano ya moto. Akisugue kwa kidole mpaka kipate joto, kisha akinuse. Harufu ya kafuri ikitoka, huenda ni seluloidi.

Kabla ya kuunga yafaa kukitazama sana. Kikiwa kimejaa nyufa nyembamba kama utando wa buibui, kinatoa jasho lenye harufu kali, au pini zake zimeshika kutu, basi kinaoza chenyewe, na gundi haitafaa kitu, maana kitavunjika tena pembeni. Kitengwe na vingine, kwa kuwa hewa yake huviharibu, nacho kiwekwe mahali pa baridi penye hewa. Kukifungia ndani ya mkebe ni kukiharakisha.

Kilicho kizima bado huungwa kwa asetoni, maji yale yanayoondoa rangi ya kucha, ila yawe matupu yasiyotiwa mafuta. Asetoni haigandishi kama gundi nyingine, bali huyeyusha kingo mbili zikawa kitu kimoja. Tone dogo kwa brashi nyembamba latosha. Likizidi, uso wa mwanasesere huyeyuka, na hasara hiyo haina dawa. Palipo na pengo, vipande vya kitana kilichokwisha kuharibika huloweshwa katika asetoni hata vikawa kama asali, ndipo hupakwa. Hata mipira ya zamani ya tenisi ya meza hufaa, lakini tangu 2014 mashindano makubwa yalianza kutumia mipira ya plastiki nyingine. Kisha kitu hufungwa kwa uzi na kuachwa siku nzima. Kazi yote ifanywe nje, mbali na jiko, taa na sigara, kwa maana mvuke wa asetoni nao huwaka upesi.

Gundi za dukani zinazoshika mara moja hukauka zikawa ngumu na mara nyingine huacha ukungu mweupe. Na mwenye kitu cha thamani asiguse kwanza, bali akaulize katika Makumbusho ya Kitale, yaliyoanzishwa na Kanali Stoneham mwaka 1926.